Weupe wa Uso wa Bibi

9 Novemba
Mto umejaa, hatuwezi tena kuzoa mchanga. Tangu nivuke kuja huku Bali kutoka kisiwa cha Nusa, mvua ikianza mimi hukosa kazi na kushinda nimekunja magoti kibandani hadi Februari. Mwaka huu nimebahatika. Tu Aji, mtu wa daraja la juu la Brahmana, anayechonga vinyago vya mahekalu, amenichukua nikae uani kwake mpaka giza la mwezi wa Desemba, usiku mwezi usipoonekana. Alisema, "Nasikia una mkono usiochoka." Nikasema ndiyo. Kuchoka nimechoka, lakini hilo humwambii mtu anayekupa kazi.

Kilicholetwa kwake ni kinyago, uso wa Bibi anayelinda kijiji hiki. Jina lake lenyewe hatulitaji hovyo. Mchwa wamekula shavu la kushoto, na jino moja refu limelegea. Kuhani wa hekalu alikwisha kuzitoa nguvu zake na kuzihamishia kwenye kikapu cha sadaka, kipo juu ya madhabahu ya ua. Kwa hiyo hapa mezani ni mti tu. Hata hivyo wanawake wakipita wanainamisha vichwa, na mimi bado sijaweza kumtazama machoni.

11 Novemba
Mvua. Nasaga mifupa.

14 Novemba
Kazi yangu ndiyo hiyo. Mataya ya nguruwe yanachomwa, yanatwangwa, halafu mimi nayasaga kwenye sahani ya kaure, maji kidogo, gundi kidogo, kidole kikizunguka tangu asubuhi hadi kiza. Hapo ndipo unapotoka weupe wa Bibi. Hupakwa tabaka moja, likauke, lisuguliwe, lipakwe jingine, mpaka mtu apoteze hesabu.

Anayesugua ni Kadek Rumpun, mwenyeji wa hapahapa, mdomo wake haufungi. Huku kila nyumba imekwisha kuchorwa misalaba ya chokaa mlangoni, maana mwezi wa sita wa kalenda yetu ndio huo unakuja, na watu wa Bali wanaamini kwamba Mkuu wa Nusa, pepo mwenye meno, huvuka bahari na jeshi lake kuleta maradhi. Na mimi natoka Nusa.

"We Nengah," Kadek akaniuliza leo mbele ya watu wote, "bosi wako keshavuka?"

"Bado. Anasubiri nauli."

Walicheka hadi Luh Rempeni, mjane anayetupikia, akatoa kichwa jikoni kuuliza kuna nini. Nami nilicheka. Miaka yote nacheka. Lakini nikienda kwenye kibanda cha kahawa, katika miezi hii, watu husogeza vikombe vyao.

19 Novemba
Leo Tu Aji alichukua unga wangu akausugua kati ya mdomo na kidole. Akasema, "Hauna hata chembe ngumu." Kisha akanipa brashi.

Mimi! Nimempaka Bibi shavu la kulia kwa mkono wangu huu wa mchanga. Nilitokwa jasho mpaka Biang, mke wa Tu Aji, akasema nijifute kwanza, Bibi asije akalishwa chumvi.

Jioni kibandani habari ilikuwa imenitangulia. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi nikae. Mwenye kibanda aliniita Nengah. Siku zote mimi ni "yule wa Nusa". Nikanywa kahawa yangu polepole sana ili nisimalize.

20 Novemba
Shavu la kulia, tabaka jingine.

23 Novemba
Mama mmoja amekuja na mwanawe mwenye homa amwonyeshe Bibi kwa mbali. Homa imeenea, mbu wamezidi. Wanasema Bibi akitoka barabarani usiku wa giza la mwezi, pamoja na Barong mwenzake, kinyago cha mnyama mlinzi mwenye manyoya, maradhi yatarudi yalikotoka. Yule mama aliniuliza kama kazi itawahi. Aliniuliza mimi. Nikasema, "Itawahi, mama, tulia."

26 Novemba
Asubuhi nilikuwa kwenye kijito naosha jiwe la kusagia. Simu ikalia. Kaka yangu Gede.

"Nengah, baba ametutoka. Alfajiri."

Nikakaa juu ya jiwe. Kaka akaendelea kusema. Hakuumwa sana, alikunywa uji, akasema anapumzika. Halafu kaka akasema, "Kesho kutwa ni siku njema ya kuzika. Tunakusubiri. Utabeba upande wa kichwa."

Naandika nilivyojibu, kwa maneno yaleyale. Nilisema, "Bandari imefungwa, kaka. Mawimbi."

Kaka akasema, "Mbona mashua ya mwani imefika hapa leo?"

"Upande wa huku wamefunga."

"Haya," akasema. Hakuniuliza tena. Afadhali angenitukana.

Najua kinachotakiwa. Mtoto hawezi kukikimbia kifo cha baba yake, unajisi wake unamfuata hata akiwa ng'ambo. Unasimama nje ya lango, huingii, unaita: nimefiwa. Wenye nyumba wanakusikia, wewe unakwenda zako kuzika, na hukanyagi hekalu wala hugusi kitu cha hekalu mpaka siku zako ziishe na utakaswe. Hakuna anayekulaumu. Ni jambo la kila mtu.

Lakini nikaona benchi la kibandani. Nikaona Tu Aji anampa brashi mtu mwingine. Nikajisemea, sasa hivi ni mti tu, nguvu ziko kwenye kikapu. Nikajisemea, nikiondoka sasa nani atasaga, Bibi hatawahi, homa itaua watoto. Nilijisemea mengi na yote yalikuwa mazuri. Nikabeba jiwe, nikapita langoni na maji yakinidondoka.

"Umechelewa," akasema Kadek. "Ulikuwa unaoga au unaposa?"

"Naposa."

Hivyo ndivyo nilivyosema siku aliyokufa baba yangu.

27 Novemba
Paji la uso, matabaka mawili. Hakuna aliyeniuliza kitu.

28 Novemba
Wamemzika leo. Mvua ilipumzika, anga ikawa safi, na kutoka kwenye matuta ya mpunga nyuma ya nyumba Nusa ilionekana yote, hadi majabali. Bahari imelala kama kitambaa. Biang alisema, "Njoo uone kwenu, Nengah, leo kunaonekana vizuri!" Nikasema jua linaniumiza macho.

Sijalia. Nikilia wataniuliza.

30 Novemba
Mvua.

2 Desemba
Weupe umetoka malengelenge. Shavu la kulia, langu. Vilengelenge vidogo vidogo kama mtu aliyeungua na mafuta. Kadek alipogusa kimoja kikabanduka na mti ukaonekana.

Mtu mwingine angesema ni unyevu, mvua haikatiki, gundi haikauki. Hata Tu Aji alikwenda kunusa gundi kwanza. Kisha alinawa mikono akatuita sote uani. Hakupandisha sauti.

"Nani ameingia humu akiwa na unajisi?"

Biang akamtazama Luh Rempeni, kwa sababu siku zote mwanamke ndiye anayetazamwa kwanza.

"Dada Luh, siku zako zilikuwa lini?"

"Biang, mimi mambo hayo yaliniaga mwaka jana. Mnataka nivue niwaonyeshe?"

Kwa kawaida Kadek angecheka. Hakucheka. Mpwa wa Biang akasema alimwona Luh Rempeni na sinia karibu kabisa na meza ya Bibi. Luh Rempeni akageuka na kuninyooshea kidole.

"Sikukanyaga pale! Niliita kutoka chini kwenye ngazi, Nengah akaja kuipokea sinia. Nengah yupo. Muulizeni."

Ni kweli. Aliita, "Nengah, njoo uchukue, miguu yangu ina matope." Hata matope nayakumbuka.

Tu Aji akanigeukia. Na mimi nikasema, "Sikumbuki vizuri, Tu Aji."

Kwa sababu kama si yeye, wangeendelea kuuliza.

Tu Aji akamwambia Luh Rempeni aondoke. Yeye alinitazama. Nilidhani atapiga kelele, ana mdomo yule. Alifunga kanga yake upya kiunoni, akaingia jikoni, akazima moto, akatoka na chungu chake. Langoni akamwambia Biang, "Wali uko jikoni. Viungo mtie wenyewe." Akaondoka mvuani.

3 Desemba
Tumetiwa maji matakatifu, ua wote. Yaliponigusa kichwani nilifumba macho. Maji ya mtu aliyeficha jambo ni maji tu.

Tumebandua shavu. Tunaanza upya.

5 Desemba
Mwezi mpevu. Mpwa wa Biang ndiye anayepika. Wali unaungua.

Nasikia kwenye chemchemi wanawake wanamtania Luh Rempeni. Anapofika wanachukua ndoo zao wanasogea. Mmoja alimuuliza kama hedhi yake ni ya mwezi au ya mwaka. Kadek ndiye aliyenisimulia. Akasema, "Namwonea huruma, lakini kwa nini hakusema tu?"

Nikasema, "Watu wengine ni hivyo."

Nilisema hivyo. Mdomo huu ndio uliosema, na mkono huu ndio unaoandika. Sijui nani mwingine wa kumsingizia.

8 Desemba
Yule mtoto wa homa amepona. Wawili wengine wamelazwa.

9 Desemba
Kidevu.

12 Desemba
Baada ya kula Kadek aliniita nyuma ya ghala akanionyesha jambia la babu yake. Yeye ni mmoja wa wale ambao Bibi akitokea, akawatazama, hupotelewa na nafsi zao na kujigeuzia majambia kifuani. Nimewaona mara nyingi. Chuma kinapinda, ngozi haitoboki. Mambo yakiwa safi, haitoboki.

Mambo yakiwa si safi, kila mtu hapa anamjua yule wa kijiji cha juu. Ana kovu kutoka titini hadi kitovuni, na alikuwa na mwenzake ambaye hana kovu kwa sababu amezikwa.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa nini? Miaka yote sikumwona aliyempaka Bibi rangi. Mwaka huu namwona. Ni mtu anayekoroma." Akanipiga bega. "Shika. Jaribu makali."

Nikajaribu kwa kidole. Kidole kilekile cha kusagia, ncha yake imelainika kama ya mtoto. Tone la damu likatoka.

"Aa, usinichafulie," akasema akicheka, akalifuta kwa shati lake.

Nilikwenda nyuma ya choo nikakaa peke yangu.

Ukimya wangu nimekuwa nikiuita unyenyekevu. Kumbe tangu asubuhi ile kijitoni kila tabaka nililompaka Bibi nililipaka pia kifuani kwa Kadek. Yeye hakujua, mimi nilijua, na nikaomba anipitishie chumvi.

13 Desemba
Nimesema.

Asubuhi nilitoka nje ya lango na virago vyangu, nikasimama barabarani, nikaita. Ndivyo ilivyotakiwa nifanye tangu mwanzo, basi nikafanya. Mvua ilikuwa nyepesi. Tu Aji akaja, Biang nyuma yake, Kadek na kikombe chake cha kahawa.

"Ingia, mbona umesimama mvuani?" akasema Biang.

"Siingii, Biang. Nimefiwa na baba yangu."

"Masikini! Lini?"

"Ishirini na sita mwezi uliopita."

Wakapiga hesabu. Nikaona inapita kwenye nyuso zao, mmoja baada ya mwingine. Biang akaziba mdomo. Tu Aji akauliza kitu kimoja tu.

"Na sinia?"

"Niliipokea mimi, Tu Aji. Yeye alikuwa chini kwenye ngazi. Hakukanyaga."

Nilitarajia fimbo. Tu Aji ni mtu wa makamo, lakini pale alizeeka nikimwona. Akasema, "Kifo sikikasirikii. Kila mtu ana baba. Nakasirika kwamba ulinitazama usoni nikimfukuza mwanamke wa watu, ukaniacha nimfukuze." Akageuka. Baada ya hatua chache akarudi. "Weupe wako ulikuwa mzuri," akasema, na hilo likaniuma kuliko fimbo.

Kadek alibaki. Alimwaga kahawa yake chini, polepole, mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Nilikushikisha jambia langu."

"Ndiyo, kaka."

"Ukalishika."

"Ndiyo."

"Ungeniacha nijichome nalo?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini nimemdanganya vya kutosha. Nikasema, "Jana mchana nilikuwa bado sijui."

Alinitemea mate miguuni, si kwa hasira kubwa, kama mtu anayetema ganda. "Bosi wako alikwisha kuvuka zamani," akasema. "Alikuwa anakula nasi."

14 Desemba
Nipo kibandani kwenye machimbo ya mchanga, peke yangu. Nilikwenda bandarini. Imefungwa. Safari hii ni kweli, mawimbi yanapanda hadi barabarani, na maofisa wamefunga lango kwa mnyororo. Nikampigia kaka nikamwambia. Akasema, "Sawa, Nengah," kwa sauti ileile ya siku ile.

Nikamwambia na mengine yote. Alisikiliza. Mwisho akasema, "Upande wa kichwa tulimwacha mtoto wa jirani abebe." Akakata.

15 Desemba
Mtu wa machimbo amepita. Anasema Tu Aji ameukwangua uso wote, hadi mti, kwa mkono wake mwenyewe, hakuruhusu mtu kusaidia. Na kila mtu pale uani hana ruhusa ya kugusa mpaka watakaswe upya. Bibi hatawahi.

17 Desemba
Mvua. Sikutoka.

19 Desemba
Giza la mwezi. Tangu mchana nilisikia ngoma za shaba zikija kutoka hekaluni kuelekea njia panda. Nilipanda kwenye ukingo wa machimbo nikaangalia kwa mbali, sikustahili kukaribia. Barong alitangulia, manyoya yamelowa. Nyuma yake, mahali pa Bibi, walibeba kikapu cha sadaka chini ya mwavuli mweupe, kimefunikwa kitambaa. Alitoka bila uso. Watu walipiga magoti vilevile, mama wenye watoto wagonjwa mbele kabisa, kwenye tope.

Hakuna aliyepagawa. Kadek alikuwa amesimama na mikono mitupu.

20 Desemba
Nilikwenda sokoni kumtafuta Luh Rempeni. Siku hizi anauza pilipili na vitunguu, ameweka turubai karibu na choo, wengine hawakumpa nafasi pengine. Biang alikwenda mara mbili kumwomba arudi, akakataa. Tu Aji mwenyewe hawezi kwenda, mtu wa daraja lake haendi kuomba radhi kwenye turubai la pilipili. Alituma kuku.

Nilichuchumaa mbele yake nikashusha sauti.

"Dada Luh, nimekuja kukwambia..."

"Najua ulichokuja kuniambia. Kuku kaniambia."

"Nakuomba..."

"Mbona unanong'ona? Mimi nilisingiziwa kwa kunong'ona? Pale uani watu wote walisikia. Kwenye chemchemi wote walisikia. Hawa hapa wote walisikia." Akaonyesha wauzaji kwa kisu chake cha vitunguu. "Unaninong'oneza mimi ninayejua tayari!"

Nikasimama. Soko lilikuwa limejaa, watu wamekimbilia chini ya paa kwa mvua. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nikasema jina langu, na kwamba natoka Nusa, na nikaona baadhi wanasogea nyuma. Nikasema baba yangu alikufa nikaficha, nikaendelea kumpaka Bibi rangi. Nikasema Luh Rempeni hakukanyaga kwenye meza, hakuwa na unajisi wowote, aliita kutoka chini kwenye ngazi kwa sababu miguu yake ilikuwa na matope, na mimi niliulizwa nikasema sikumbuki. Nikasema nilikumbuka.

Mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Si nilisema? Wa Nusa hao!" Mwingine akamwambia anyamaze. Yule mwanamke wa chemchemi, aliyeuliza kuhusu hedhi, alikuwa hapo na kikapu chake cha mboga. Alikitazama kikapu muda mrefu.

Luh Rempeni hakutazama mtu. Alikuwa anakata mizizi ya vitunguu, kimoja, kimoja. Nikajua nimemaliza na hakuna la kuongeza, nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi? Kaa chini."

Nikakaa ukingoni mwa turubai. Alisogeza pilipili zake ili nisizikalie.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukafikiri."

"Sifikiri, dada."

Alikata kitunguu kingine. Kisha, bila kuinua macho, kama anayeuliza bei, akasema, "Baba yako aliitwa nani?"

Tangu afe hakuna mtu wa upande huu wa bahari aliyeniuliza hilo. Nani angeniuliza, wakati nilikuwa nimemficha?

"I Wayan Celebug," nikasema. "Alikuwa mpanda mwani."

Ndipo nikalia, sokoni, mchana, mbele ya kila mtu. Naye akaendelea kukata vitunguu akaniacha.